Fungu la Mama Barafu

Ilikuwa mwaka 2021, kiangazi kikali. Mvua zilikuwa zimekatika kwa miezi mitatu, mabati yalilia kwa joto kila adhuhuri, na vumbi la barabarani liliingia vyumbani bila kubisha hodi. Katika nyumba moja ya kupanga, yenye vyumba vitano na ua mmoja, aliishi msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekabidhiwa kazi ambayo watu wazima walikuwa wameigombania mpaka wakakosana: kusoma mita ya umeme.

Wapangaji walimwita Hesabu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta amekosea kujumlisha. Kila jioni, akishatua mkoba wa shule na kumwamkia kila mkubwa aliyemkuta uani, alipanda kigoda karibu na mlango mkubwa, akafungua kisanduku cha mbao kilichofunika mita, akasoma uniti zilizobaki, kisha akaziandika kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa ukutani. Alichokiandika Hesabu hakikubishiwa.

Mita ilikuwa moja, ya watu wote, na umeme wake ulilipiwa kabla ya kutumiwa. Kwa hiyo wapangaji walichanga kwa mafungu. Chumba chenye taa na redio kililipa fungu moja, chenye televisheni mafungu mawili, na mwenye friji alilipa matatu. Mwenye friji alikuwa mmoja tu: mjane wa chumba cha pembeni, aliyewauzia wapagazi wa sokoni maji ya baridi na vipande vya barafu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika. Wote walimwita Mama Barafu. Kiangazi ndicho kilichokuwa msimu wake wa mavuno, na alichokichuma katika miezi hiyo kilimvusha mwaka mzima.

Mama yake Hesabu alikuwa muuguzi. Mwanzoni mwa mwaka alikopa katika chama cha akiba, akamnunulia binti yake kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, ili ajisomee kwa ajili ya mtihani. Siku ilipoingia nyumbani, kinyozi wa chumba cha mbele, ambaye ndiye aliyekusanya michango, aliuliza mbele ya watu, "Na hiyo kompyuta, mafungu mangapi?"

"Kompyuta ya mtoto wa shule haina fungu," alijibu Mama Barafu kabla mwenye kompyuta hajafungua kinywa. "Mtoto asome. Akifaulu, tumefaulu sote."

"Basi na mashine yangu ya kunyolea isiwe na fungu. Nami nanyoa wanafunzi."

"Wewe nyoa kwanza hicho kidevu chako, ndipo uje kuomba msamaha!"

Ua mzima uliangua kicheko, na tangu siku hiyo kompyuta ya Hesabu haikuhesabiwa.

Sasa, Hesabu alikuwa na mjomba, mdogo wake mama, kijana aliyejulikana mtaani kwa jina la Bilionea kwa sababu mifuko yake haikuwahi kuwa na nauli. Jumamosi moja alikuja, viatu vimeng'aa juu na kutoboka chini, akamkuta mpwa wake anapanga madaftari.

"Mpwa wangu, umekalia dhahabu nawe unalia njaa," alisema.

"Dhahabu gani, Mjomba?"

"Hiyo kompyuta. Ukiiacha inafanya kazi mchana na usiku, inachimba sarafu."

"Inachimba wapi? Mbona haina jembe?"

"Jembe lake ni hesabu, kama wewe. Sikiliza. Kuna sarafu zisizoshikika, zinaishi mtandaoni. Daftari la malipo yake halitunzwi na benki; linatunzwa na kompyuta nyingi zinazoshindana kukokotoa hesabu ngumu. Kompyuta inayosaidia inapewa kijipande cha sarafu. Wewe uko darasani, mashine iko shambani!"

"Na umeme je?"

"Umeme! Kompyuta ni kitu kidogo, inakula kama taa."

Msichana huyu, ambaye shuleni hakukubali jibu lolote mpaka aone njia yake, jibu hilo alilikubali bila kulipima. Sababu yake ni kwamba alitaka simu. Katika darasa lao wasichana wanne walikuwa na simu zenye vioo vipana, nao walipokuwa wakionyeshana picha walimgeuzia visogo. Tamaa ilimfunga macho, na aliyefungwa macho hasomi mita.

Mjomba aliweka programu, akaacha simu yake ya pili, chakavu, iwe inaleta mtandao, akamwonyesha mstari mwembamba kwenye kioo. "Mstari huu ukijaa ndipo unalipwa. Kabla ya kujaa hupati hata senti. Kwa hiyo usizime. Umesikia? Usizime."

Hesabu aliificha kompyuta nyuma ya pazia, juu ya sanduku la nguo, karibu na godoro lake. Siku ya pili iliunguruma na kupata joto kama pasi, naye akaielekezea feni ya mezani. Mama yake aliporudi kazini, miguu imevimba kwa kusimama wodini, aliuliza, "Mbona hiyo kompyuta haipumziki?"

"Napakua masomo, Mama. Mtihani umekaribia."

"Masomo mengi namna hiyo?"

"Ni mengi, Mama."

Mama alimwekea mkono kichwani. "Soma, mwanangu. Mimi na miguu hii tunakutegemea wewe."

Zamani, uniti arubaini na nane zilikaa siku kumi na sita katika nyumba ile. Safari hii zilikaa nane. Siku ya nane, saa kumi jioni, umeme ulikatika wakati kinyozi amemaliza upande mmoja tu wa kichwa cha mteja wake. Mteja aliondoka amejifunga kitambaa, akiapa kwamba hatarudi.

Kikao kiliitwa uani jioni ile ile.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alianza kinyozi, akimtazama Mama Barafu. "Kuna friji humu lenye umri kunizidi mimi. Limezeeka, linakunywa umeme kama ng'ombe anywavyo maji."

"Friji langu ni lile lile la mwezi jana," alisema Mama Barafu. "Mwezi jana lilikuwa halinywi?"

"Joto limezidi, nalo limezidisha kiu! Au wewe unaona ni redio yangu?"

Watu walicheka, ila Mama Barafu hakucheka. Ilikatwa kauli kwamba friji lilipe mafungu sita badala ya matatu. "Hesabu, mwanetu, tupigie," waliagiza.

Msichana alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi. Nyuma ya ukuta, hatua sita kutoka alipokuwa, feni ilikuwa ikingoja umeme urudi ianze tena kuipepea mashine yake. Alikwisha kuhisi. Yeye si mjinga. Alijua kitu kipya kilichoongezeka katika nyumba ile kilikuwa kimoja tu. Hata hivyo aliandika mafungu sita mbele ya chumba cha pembeni.

Mama Barafu aliutazama ubao kwa muda. "Umehakikisha, mwanangu?" aliuliza kwa upole.

"Nimehakikisha."

"Basi. Wewe hukosei."

Mara mbili Mama Barafu alilipa mafungu sita, na mara mbili umeme ulikatika siku ya nane. Barafu yake iliyeyuka kabla ya kuganda vizuri, wapagazi wakaanza kununua kwingine, na uani watu wakaacha kumwitikia salamu kwa sauti. Alipopita na ndoo yake, mazungumzo yalikatika. Watoto wadogo, ambao hurudia wanayoyasikia mezani, walimwimbia kwa nyuma: "Mwizi wa umeme! Mwizi wa umeme!" Kila uliposikika wimbo huo, Hesabu alijifanya kufunga kamba za viatu. Kisha aliingia ndani, akafunua pazia na kuutazama mstari. Nusu. Robo tatu. Alijiambia kwamba mstari ukijaa atazima, umeme utarudi kama zamani, watu watasahau, na hakuna atakayeumia.

Mtu alikuwa ameshaumia.

Kinyozi aliposema hadharani kwamba sasa yatakiwa mafungu tisa, Mama Barafu alijifunga kanga kiunoni. Alikwenda sokoni, akarudi na wapagazi wawili, wakalibeba friji na kulisimamisha katikati ya ua, juani, mlango wazi. Vipande vya barafu vilidondoka kimoja kimoja, maji yakatiririka mpaka kwenye mfereji.

"Haya," alisema. "Lisilo na waya halili. Tutaona sasa mtamla nani."

Uniti arubaini na nane zilinunuliwa tena. Bila friji, zingepaswa kukaa zaidi ya mwezi. Lakini kila jioni Hesabu alipopanda kigoda, alikuta zimepungua nne na nusu. Aliandika tarakimu hizo, ingawa ubao wa chaki ulikuwa ukimshitaki mwandishi wake mwenyewe. Siku ya kumi na moja umeme uliisha.

"Ana waya mwingine!" alipiga kelele kinyozi. "Friji ameliweka nje kutufumba macho!"

Alimpigia simu mwenye nyumba aliyeishi mji mwingine. Mwenye nyumba, ambaye hakutaka kujua lolote ila kodi, aliamuru mpangaji wa chumba cha pembeni ahame.

Alasiri ile Hesabu alikwenda mpaka mlangoni pa Mama Barafu. Alimkuta anafunga tandiko kwa kamba. Chumba kilikuwa kitupu, isipokuwa alama nne sakafuni za miguu ya friji.

"Umekuja kuniaga?"

Maneno yalikuwa tayari ulimini. Yalikuwa matatu tu: *Si wewe, mama.* Lakini mstari kwenye kioo ulikuwa umefika sehemu tisa kati ya kumi.

"Nimekuja kukusaidia kubeba," alisema Hesabu.

"Mungu akubariki. Katika nyumba hii nzima, ni wewe tu uliyekumbuka kwamba nina mgongo."

Msichana alibeba ndoo mbili mpaka kwenye mkokoteni. Hazikuwa na kitu ndani, lakini hakuwahi kubeba mzigo mzito kama ule.

Siku sita baadaye, Jumamosi, ubao ulionyesha kwamba uniti bado zilianguka nne na nusu kila siku. Mama Barafu hayupo, friji halipo. Wapangaji walitazamana kwa jicho jingine, nao wakamwita fundi wa umeme. Alikuja mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, akafungua kisanduku cha mbao.

"Mita haina jirani wala ndugu," alisema. "Tazameni taa hii nyekundu. Kila inapokonyeza, umeme umeliwa. Haya, kila mtu azime kila kitu chake."

Waliingia vyumbani, wakazima, wakatoka; kwa chumba chao, Mama alimtuma Hesabu. Taa nyekundu iliendelea kukonyeza.

"Kuna mtu hajazima," alisema fundi.

"Ni yule mama!" alisema kinyozi. "Bila shaka aliacha waya wake ndani ya ukuta."

"Waya usio na kitu mwishoni hauli umeme, kijana. Nitaingia chumba kwa chumba."

Mama yake Hesabu, ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko, alifungua mlango wake wazi. "Anzia kwangu, fundi. Sina cha kuficha. Humu mna taa moja, feni, na kompyuta ya mtoto, nayo ni ya masomo. Binti yangu huyu hajawahi kunidanganya."

Hesabu alikuwa amesimama chini ya ubao. Angeweza kustahimili taa nyekundu, hata macho ya wapangaji wote. Hilo neno la mwisho la mama yake hakuliweza.

"Nimekudanganya, Mama," alisema. "Si masomo. Ni mimi."

Fundi aliingia, akafunua pazia, akaigusa kompyuta na kuuondoa mkono upesi. Alichomoa waya, akaibeba kwa kitambaa hadi nje. Ilikuwa imetuna tumbo, vitufe vitatu vimeinuka, na kioo kimefunguka upande mmoja.

"Betri imevimba," alisema. "Ingeachwa siku chache zaidi, huenda ingewaka moto. Na pale ilipokuwa pana pazia, pana nguo, na pana godoro la mtoto."

Mama aliketi kwenye kigoda cha mita, polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Hesabu alieleza yote: sarafu, mstari, feni, simu aliyoitamani. Fundi alimpa chaki. "Wewe ndiye mwanahesabu wao? Njoo basi ufanye hesabu uliyoiruka. Mashine hii na feni yake zinakula kama uniti tatu kwa siku. Umeziacha siku ngapi?"

"Arubaini."

"Andika."

Aliandika: mia moja na ishirini. Kisha fundi akaomba Mjomba apigiwe simu, na sauti yake isikike kwa wote.

"Sarafu alizochimba mpwa wako zina thamani gani leo?"

Mjomba alikohoa. "Eh, bei inapanda na kushuka, mzee wangu. Kwa leo… labda pesa ya uniti nane."

"Na makato ya kuzitoa?"

"Makato yapo. Zitabaki kama tatu hivi. Ila mstari haujajaa, kwa hiyo hawatoi kitu."

"Asante, Bilionea," alisema fundi, akakata simu. "Andika tena, binti. Zilizotoka mia moja na ishirini. Zilizorudi, sifuri." Alivua miwani. "Wapo wanaofaidika na kazi hiyo, sikatai. Wana maghala ya mashine zilizoundwa kwa ajili hiyo tu, na umeme wa bei ya chini sana. Wewe ulikuwa unachimba kisima kwa kijiko, tena kijiko cha mama yako."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alikuwa anazitazama ndara zake.

Kompyuta haikuwaka tena. Fundi mmoja wa mjini alinunua kioo chake kama kipuri, na fedha hiyo Mama aliwagawia wapangaji. Mkopo wa chama cha akiba ulikuwa umebakiza miezi saba, na miezi yote saba Mama aliendelea kulipia kitu ambacho hakipo. Hakumpiga binti yake wala hakumkaripia. Alifuta ubao, akampa chaki mpangaji mwingine, akasema neno moja tu: "Deni la wapangaji nimelilipa mimi. La Mama Barafu ni lako."

Likizo ilipofika, wenzake Hesabu walipokuwa wakicheza, yeye alishona vifungo kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Vidole vilitoboka, vikapona, vikatoboka tena. Ilimchukua mwezi mzima kutimiza thamani ya mafungu sita yaliyotozwa kwa dhuluma, matatu kwa kila mara, na kidogo cha ziada. Ndipo Mama akamwongoza kumtafuta mwenye haki yake.

Walimkuta nyuma ya karakana ya kuziba pancha, katika chumba kimoja kisicho na umeme. Alikuwa anafua nguo za watu. Friji lilisimama pembeni, mlango umeegeshwa, na ndani yake, kwenye vyano vilivyokuwa vikigandishia maji, zilipangwa kanga na sahani. Lilikuwa limegeuka kabati.

"Shikamoo, mama," alisema Hesabu.

"Marahaba. Yamenifikia. Mji hauna pazia." Aliendelea kukamua nguo. "Kinyozi naye hajambo?"

"Anakuomba radhi," alisema Mama yake Hesabu.

"Yeye hana miguu?"

Hesabu alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji iliyolowa. "Nilijua tangu siku niliyoandika ile sita, mama. Ukaniuliza kama nimehakikisha. Nikasema ndiyo. Nisamehe."

Mama Barafu aliweka nguo chini, akajipangusa mikono. "Wapangaji wanasema nirudi?"

"Chumba kimepangishwa," alijibu Mama kwa aibu.

"Nilijua." Alimgeukia msichana, na macho yake hayakuwa na ukali, ila yalikuwa yamechoka. "Nisikilize, mwanangu. Mashine yako ilikula umeme, na umeme hununuliwa tena. Kilichonila mimi ni kimya chako. Uliambiwa kuna mali isiyo na jasho, ukaamini. Siku utakayoambiwa hivyo tena, uliza kwanza: jasho hilo litamtoka nani? Kwa maana kama halikutoki wewe, lazima linamtoka mtu. Safari hii lilinitoka mimi. Na ukijua ukweli, usiufiche mpaka faida yako itimie ndipo uuseme. Ukweli uliochelewa haumrudishi mtu aliyekwisha kuhama."

"Nimekusikia, mama."

"Nimekusamehe. Lakini kusamehe si kusahau, usije ukavichanganya."

Hesabu alitoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka mikononi mwake. Mama Barafu alilifungua fundo, akahesabu noti moja baada ya nyingine bila haraka, kisha sarafu za chuma, zile zinazoshikika. Alipofika kwenye thamani ya mafungu sita alisimama, akaitenga ile ziada, akairudisha katika kiganja cha msichana na kukifumba vidole.

"Hiki si changu," alisema. "Changu kimetimia."

Alilifungua friji, akazisukuma fedha zake katikati ya kanga zilizokunjwa, akaurudishia mlango.